Somo: Ukikabidhiwa kazi ya kurejesha uoto na wanyama wa hifadhi, anzia mtoni

Wanachama, vijana wengi mliopewa vikundi vya kuongoza kando ya hifadhi zetu mmekuwa mkiniuliza kazi hii inaanzia wapi. Hizi ndizo hatua ninazozifuata. Mifano mingi ni ya Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Nakuru kwa kuwa ndiyo niliyoizoea, ila utaratibu wenyewe unafaa popote penye maji na majirani.

Kabla ya yote, fahamuni hili. Ndani ya ua wa hifadhi kiongozi ana amri: ataamua kichaka kipi king'olewe na njia ipi ifungwe. Nje ya ua hana amri yoyote, na huko ndiko maji yanakotoka. Atakayejifungia ndani kwa sababu huko anasikilizwa atafanya kazi nzuri ambayo mvua moja kubwa itaifunika kwa udongo wa shamba la mtu mwingine.

Hatua ya kwanza: tembea mto wote

Ziwa Nakuru halina mto unaotoka. Maji huingia kwa mito ya Njoro, Makalia na Nderit na kwa chemchemi za Baharini, kisha hupungua hasa kwa kugeuka mvuke. Kinacholetwa na maji hubaki humo: tope, mbolea, uchafu wa jiji, chupa za plastiki zilizosombwa na mitaro. Mwaka 2001 zaidi ya hekta 35,000 za msitu wa Mau Mashariki zilitolewa ziwe makazi na mashamba, na Mto Njoro unashuka kutoka upande huo. Sasa ukiona maji ya mto yamekuwa rangi ya chai ya maziwa mwezi wa nne, usiulize ndani ya hifadhi kulikoni. Panda juu.

Nenda kwa miguu kuanzia mto unapoingia ziwani. Andika ng'ombe wanakunywea wapi, plau imefika umbali gani na ukingo, wapi watu huosha pikipiki, wapi huoshea pampu za kunyunyizia dawa. Kila mahali pa kusimama, chota jiwe moja chini ya maji na uligeuze taratibu. Ukikuta vijidudu bapa vyenye mikia mitatu myembamba vimeng'ang'ania jiwe, mahali hapo maji yana hewa ya kutosha. Ukikuta minyoo myekundu peke yake, kuna uchafu unaingia hapo juu, tena karibu. Kipimo hiki hakina gharama, na mkulima uliyesimama naye anajionea mwenyewe. Nimeona jiwe moja likibadilisha mazungumzo kuliko ripoti yenye kurasa nyingi.

Hatua ya pili: rekodi hali ya mwanzo kabla ya kugusa kitu

Hapa ndipo viongozi wengi wana haraka, na haraka hiyo huwaumiza baadaye, pale wafadhili au wazee wa kijiji wanapouliza kimebadilika nini.

Chomeka nondo fupi ardhini na upige picha ukiwa hapo, kamera kimo cha kifua, ukielekea upande uleule na saa ileile kila mara. Tengeneza fremu ya waya ya mita moja kwa mita moja, iweke chini, kisha ukadirie nyasi zimefunika kiasi gani, magugu kiasi gani, udongo mtupu kiasi gani. Na tafadhali, tenga kipande ambacho hutakigusa kabisa. Mvua ikija vizuri kila mahali patapendeza. Bila kipande cha kulinganishia hutajua kama sifa ni za jembe lako au za mawingu.

Hatua ya tatu: ruhusa

Sitakaa sana hapa. Hifadhi ya taifa iko chini ya KWS, shirika la serikali la wanyamapori, na Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka kila hifadhi iwe na mpango wa usimamizi. Usome mpango huo kwanza, kisha upange kazi yako ndani yake. Ukitaka kufanya utafiti utahitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi. Anza maombi mapema kuliko unavyodhani inafaa.

Hatua ya nne: kuondoa lantana

Lantana ni kichaka cha kigeni kinachovamia malisho. Kukiondoa ndiko kunakokula muda na pesa, kwa hiyo nieleze kwa kirefu.

Kwanza usalama. Kichaka cha lantana ni kivuli kizuri, na nyati hulala ndani yake mchana. Nakuru kuna vifaru pia tangu hifadhi ilipofanywa makazi yao maalumu mwaka 1987. Hakuna kibarua anayeinua panga kabla askari wa wanyamapori hajazunguka kichaka kizima. Hilo halina mjadala, hata kama jua linazidi kupanda na watu wanataka kumaliza.

Ukikata shina juu ya ardhi, lantana hurudi na matawi mengi kuliko ya mwanzo. Fyeka matawi kwanza ili upaone chini, kisha piga jembe kando ya shina mpaka ulione lile fundo nene ambapo mizizi inagawanyika. Lazima fundo lote litoke. Ligeuze, mizizi itazame juu, uliweke juu ya rundo la matawi likauke bila kugusa udongo. Ukiliacha limelala chini na mvua ikanyesha, litashika tena.

Fanya kazi kabla matunda hayajaiva. Matunda yakishakuwa meusi, usiburute matawi kupita eneo safi, maana utakuwa unapanda mbegu njia nzima. Ndege nao huyala na kuziangusha mbegu chini ya miti wanakotua, kwa hiyo ukirudi msimu unaofuata, tafuta miche kwanza chini ya migunga mikubwa.

Usisafishe eneo lote kwa mara moja. Pongo na digidigi hujificha humo, na mteremko ulioachwa wazi utaliwa na mvua. Safisha kwa vipande, sia nyasi za asili papo hapo, halafu uhamie kipande kingine. Katika bajeti, weka pesa ya kurudi kung'oa miche misimu kadhaa mfululizo. Kama pesa ya kurudi haipo, safisha nusu ya eneo ulilotaka. Nusu iliyotunzwa ni bora kuliko nzima iliyoachwa ijiotee.

Leleshwa ni habari tofauti. Huo ni mti wetu wa asili, umeenea kwa sababu ua umewazuia wala nyasi kuhama na malisho yamechoka. Ukiung'oa bila kuangalia idadi ya nyati na swala, utaung'oa tena.

Hatua ya tano: kitalu

Kusanya mbegu kutoka miti ya eneo lenyewe. Mbegu za mgunga zitazame moja moja mkononi: yenye kitundu kidogo imeshaliwa na mdudu, itupe. Zilizobaki zimwagie maji ya moto, ziache zilale humo usiku kucha, asubuhi panda zile zilizovimba. Kwenye ukingo wa mto, mkuyu hushika udongo vizuri sana.

Ndani ya hifadhi, zungushia miche michanga miiba. Nakuru twiga wamekuwa wakibandua magome ya migunga ya njano, na mti ukivuliwa gome kuzunguka shina lote haudumu. Pia usipande migunga mahali ambapo ziwa limekuwa likifika. Mingi iliyokuwa kando ya ziwa ilikufa ikiwa imesimama majini, maji yalipopanda kuanzia mwaka 2010 hivi na hata lango kuu la zamani likafunikwa.

Hatua ya sita: majirani

Fika kwenye baraza la chifu ukiwa na picha zako za mto, lakini uanze kwa kusikiliza. Mkulima wa Njoro anayelima hadi ukingoni anajua udongo wake unaondoka, na unamuuma kuliko unavyokuuma wewe. Asichokuwa nacho ni njia ya kuacha mistari mitatu ya mahindi bila watoto kukosa chakula. Nyasi za nepia ukingoni humpa lishe ya ng'ombe na hushika udongo. Ongea hayo. Fanya kazi na chama cha watumiaji maji cha mto huo, maana wao wana haki ya kumwambia jirani yao jambo ambalo wewe mgeni huwezi kumwambia. Siku ya kwanza ya kupanda mpandie shamba lake, ya hifadhi ifuate.

Maswali ya wanachama

*Kutoka Lanet:* Mwalimu, asante kwa somo. Watoto wangu huniuliza flamingo wa Nakuru wameenda wapi. Kuna tunachoweza kufanya warudi?

*Jibu:* Asante, mama. Flamingo wadogo hula mwani wa spirulina, unaostawi kwenye maji ya magadi makali. Ziwa lilipojaa maji matamu, magadi yalipungua nguvu, mwani ukapungua, na wengi wakahamia Ziwa Bogoria. Tangu zamani ndege hawa huhamahama kati ya maziwa haya, na hakuna atakayewaita kwa amri. Letu ni kuhakikisha kwamba siku maji yakishuka, hawatakuta ziwa limejaa tope na taka. Wapeleke watoto mtaroni kwenu baada ya mvua, waone chupa zinaelekea wapi.

*Kutoka Kitale:* Habari mwalimu. Sisi tuko jirani na hifadhi ya Saiwa. Baba ana mikaratusi hadi kwenye kinamasi na hataki kusikia habari ya kuikata. Nitamwambiaje mzee?

*Jibu:* Usimwambie aikate, ndugu yangu. Hiyo ndiyo karo na mbao za nyumba. Saiwa ina ukubwa wa kilomita mraba 3 hivi, ndiyo hifadhi ya taifa ndogo kuliko zote Kenya, na ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya nzohe, mnyama anayeishi ndani ya matete na maji. Kinamasi kikikauka hana pengine pa kwenda, na kisima chenu kitafuata. Mweleze mzee hivyo, kisha mkubaliane kwamba mistari iliyo karibu na maji ikifika wakati wa kuvunwa isiachwe ichipue tena. Pandeni mti wa asili wa lusiola hapo, nao una mbao nzuri. Kanuni za maji za 2007 zilitaja ukingo wa mita 6 hadi 30, lakini usianze na sheria kwa mzazi wako.

*Kutoka Mbita:* Mwalimu, huku Hifadhi ya Taifa ya Ruma wazee wanasema nyasi zisipochomwa wanyama hukonda. Wengine wanasema moto unaua. Nani mkweli?

*Jibu:* Wote wana sehemu ya ukweli. Ruma ndiko korongo wa mwisho wa Kenya waliko (si ndege, ni yule swala mkubwa), na mnyama huyu anataka nyasi changa za kula na vilevile nyasi ndefu, kwa sababu mama humficha ndama humo siku zake za kwanza. Moto wa vipande vidogo, wenye vizuizi, uliopangwa na wenye hifadhi, unampa vyote viwili. Moto wa kiberiti cha mpita njia humkuta ndama amelala, naye hakimbii. Kwa hiyo majirani wasiwashe hata kwa nia njema. Pelekeni pendekezo kwa msimamizi wa hifadhi, na wazee wanaojua upepo wa bonde la Lambwe wawepo kikaoni.

*Kutoka Njoro:* Vijana wetu wanalipwa kwa siku kung'oa lantana. Wanafanya polepole. Tuwalipe kwa eneo?

*Jibu:* Ukilipa kwa eneo watakimbia, na mafundo yatabaki ardhini. Lipa kwa siku, ila msimamizi ahesabu mafundo yaliyogeuzwa juu ya marundo kabla watu hawajaondoka, na timu iliyong'oa kipande ndiyo irudi kung'oa miche yake msimu unaofuata. Wakijua watarudi wenyewe, watachimba vizuri. Tena wape glavu, yale majani hukwaruza vibaya.