SOMO: Kuchambua vipimo vya zebaki kwenye mkojo (soma kabla hujanijia inboksi)

Nimechoka kujibu swali moja kila siku, "vipimo vya zebaki nivichambueje?", haya naweka hapa. Mfano ni wachimba dhahabu wa Busia wanaochoma zebaki na kuvuta ule mvuke.

1. Chora histogramu. Mkia utakuwa mrefu kulia, usishtuke.

2. Chukua logi (logarithimu) ya kila kipimo, ripoti wastani wa kijiometri, yaani wastani wa hizo logi ukiurudisha kwenye namba za kawaida.

3. Vipimo vilivyo chini ya kikomo cha mashine. Hapa ndo mnapoangukia wengi. Maabara ikiandika <0.2 haijasema hakuna zebaki, imesema iko mahali fulani chini ya 0.2 ila mashine haiwezi kutaja ni ngapi. Ukiweka sifuri, sifuri haina logi, programu itagoma. Ukiwafuta hao watu unabaki na waliovuta sana tu na wastani unapanda wenyewe. Wakiwa wachache, gawa kikomo kwa kipeuo cha pili cha 2 (0.2 inakuwa 0.14), inavumilika. Wakiwa wengi USIFANYE HIVO, maana unawapa wote namba moja na tofauti zao umezifuta kwa mkono wako. Zebaki ikiwa ndo matokeo tumia survreg ya R (programu ya takwimu), kwenye Surv weka type="left". Ikiwa ndo kisababishi, ijaze mara nyingi kwa kubahatisha chini ya kikomo alafu unganisha majibu. Wakizidi 80%, wastani achana nao, taja asilimia waliovuka kikomo basi.

4. Kreatinini (taka ya misuli inayotoka na mkojo, inaonyesha mkojo ni mzito kiasi gani) iingie kwenye modeli. Aliyeshinda juani bila maji mkojo wake mzito.

MASWALI

Opio_k: Boss nimejaza sifuri inaleta era, difensi Ijumaa, haraka plizi
— Hatua ya 3.

Opio_k: Supavaiza ndo alisema sifuri
— Basi siku ya difensi ajibu yeye.

NakatoZiwani: Samahani kaka, wavuvi wa huku hawachimbi ila samaki ni kila siku, mkojo utaonyesha?
— Swali zuri sana dada. Mkojo unaonyesha hasa zebaki ya mvuke, ya samaki ni methilizebaki, hiyo itafute kwenye nywele au damu. Nywele hukua kama sentimita moja kwa mwezi, kwa hiyo kipande cha karibu na ngozi kinakupa miezi ya juzijuzi. Kisha hesabu hatari: EPA, shirika la mazingira la Marekani, imeweka kikomo cha methilizebaki mikrogramu 0.1 kwa kilo ya mwili kwa siku, mtu wa kilo 60 ni 6. Gawa mikrogramu za methilizebaki anazokula kwa siku kwa 6, ikizidi 1 fuatilia, sio kwamba kashaugua.

mzee_wa_data: Mbona wastani wa Excel uko juu kuliko wa R?
— Excel inaona "<0.2" ni maandishi, inairuka. Tengeneza safu mbili, moja ya namba, nyingine 1 kama imeonekana na 0 kama haijaonekana.

mzee_wa_data: Duh, na ripoti nishatuma
— Tuma nyingine.