Kuishi na lupasi: anza na jua

Kwa wengi wenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, jua huuamsha: vipele usoni, viungo kuuma, uchovu wa siku kadhaa. Paka mafuta ya kukinga jua yenye SPF (kiwango cha kinga, huandikwa kwenye chupa) 30 au zaidi, yanayozuia UVA na UVB, miale ya jua inayodhuru ngozi, dakika 15 kabla ya kutoka. Kipimo cha uso na shingo ni mistari miwili kamili, mmoja juu ya kidole cha shahada, mwingine cha kati. Wengi hupaka kiduchu, tena husahau masikio. Rudia kila baada ya saa 2, mapema zaidi ukitoka jasho. Kwenye daladala kaa upande wa kivuli. Kioo cha dirisha hupitisha UVA. Mtandio mwepesi hausaidii sana: uinue kwenye mwanga, ukiona upande wa pili, chukua kitenge.

Haidroksiklorokwini, dawa ya kutuliza lupasi, meza na chakula kila siku, hata ukijisikia mzima. Huchukua wiki 6 hadi 12 kuonyesha nafuu, ndiyo maana wengine huiacha mapema. Dawa hii inaweza kudhuru macho, hivyo yapimwe mwanzoni, kisha kila mwaka baada ya miaka 5 ya kuitumia. Mwenye tatizo la figo aanze vipimo hivyo vya kila mwaka mapema zaidi.

Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kupunguza uvimbe wa ndani, usiikatishe ghafla: mwili ulioizoea huwa umepunguza kutengeneza homoni yake, presha inaweza kushuka ukazimia.

Mkojo wenye povu, au miguu kuvimba? Huenda lupasi imegusa figo; kapimwe figo wiki hiyo hiyo.