Jinsi ya kuigiza msiba wa wazazi wako peke yako (mimi nilianza na mbuzi ya kukunia nazi ya mamangu)

Babangu alitangulia, mamangu akamfuata miaka 4 baadaye, na matanga yote mawili mimi ndo nilikuwa wa kupokea wageni na kuhesabu sinia, kulia sikulia. Machozi yalinikuta jikoni mwaka mzima baadaye, nimeitoa mbuzi ya mama nikune nazi, nikaikalia nikaona ubao umelika upande mmoja tu, kwa sababu goti lilikuwa likimuuma akikaa upandeupande. Hapo ndo igizo langu lilianza.

Kwa hiyo usianze na hadithi ya maisha yao yote, utazama. Tafuta kitu kimoja walichokishika kila siku, tena kiwe na kazi. Picha ya ukutani haifai, utaitazama tu. Kofia ya vito, ile ya kushonwa kwa mkono, ambayo babako aliiacha nusu, mshipi wa kuvulia, kifumbu cha kukamulia tui, hivyo vinafaa. Fanya ile kazi peke yako siku kama saba bila kusema neno, uone mkono unapokwama, maana hapo unapokwama ndo pana maneno.

Halafu weka simu irekodi, uongee nao huku unafanya kazi. Usiige sauti ya mzazi tafadhali, mimi nilijaribu nikahisi namzulia maneno marehemu. Sema na yeye. Sisi watu wa Lamu tunamjua Mwana Kupona, mwaka 1858 akiwa mgonjwa alimwita bintiye akae karibu na wino na karatasi amtungie utendi wa wasia, basi mama alisema na mwana kabla hajaondoka, wewe sasa chukulia igizo lako kama mwana anayejibu, hata kama amechelewa.

Ukisikiliza ulichorekodi, tafuta ile sentensi moja ambayo hujawahi kumwambia mtu. Yangu ni hii: "Mama, boti ya kwanza ya Mokowe ilikuwa na nafasi, nikasema nitapanda inayofuata." Amefia hospitali ng'ambo, upande wa bara boti za Mokowe zinakokwenda, sikumkuta. Naisema mara mbili, kila kizio cha nazi mara moja, na mara ya tatu nakuna bila kusema kitu, mlio wa mbuzi peke yake unatosha. Mengine yote nilikata, ikabaki dakika 12. Siri za wazazi, madeni yao, aibu ya maradhi, hayo usiyapeleke mbele za watu hata kama yanaliza.

Kabla ya kuonyesha waambie ndugu zako, wao pia wamefiwa. Na usifanye kabla ya arubaini, wala mjane akiwa bado yuko eda. Wazee wengine watauliza kama hii siyo niaha, kule kumlilia maiti kwa mayowe, wajibu kwa adabu kwamba hitma na dua ziko palepale, na wewe hupigi mayowe wala hujipigi kifua, unakumbuka tu.

Mahali, mara ya kwanza usiende uwanja wa Mkunguni mbele ya ngome ya Lamu, watu wanapita na punda wanapita. Kiwanda cha nyumba, ule uwanja wa ndani, kinatosha, au darini, baada ya isha watu wakishatoka msikitini, kandili moja, watu kumi hivi wameketi mkekani karibu waisikie nazi ikikunwa. Mmoja wao mpatane kabisa, ukiweka kizio chini na mikono ukaiweka magotini, anakuletea maji na igizo linakwisha hapohapo, hakuna kuulizwa. Mimi ilinitokea usiku wa kwanza. Machozi madogo usiyafute, endelea kukuna, mkono utakushika.

Na ile nazi usiitupe jamani. Sisi tunaikamua palepale, dadangu anabandika wali, na wakati unaiva ndo watu huanza kusimulia mama zao.