Kabla ya kuwasha hesabu ya michakato kwenye seva ya watu wengi

Kabla hujagusa seva, amua unatafuta jibu la swali gani. Hesabu ya michakato ya Linux (process accounting), yaani rekodi inayoandikwa kwa kila programu iliyoendeshwa, hujibu vizuri maswali mawili: nani ametumia prosesa kwa dakika ngapi, na programu ipi imeendeshwa mara ngapi. Kwa memori usiitegemee. Keneli (kiini cha mfumo wa Linux) huandika ukubwa wa memori ya mchakato pale unapoisha, si kilele ulichofikia. Nayo safu ya `avio` kwenye ripoti, inayohusu diski, husoma sifuri siku zote. Ukitaka memori ya kila mtumiaji, amri ya `systemd-cgtop` itakufaa zaidi.

Jambo linalowapotosha wengi ni kwamba rekodi huandikwa mchakato unapokufa. Mtu akiendesha kazi ya wiki tatu inayomaliza prosesa yote, `sa` (amri inayojumlisha rekodi hizi) haitamtaja hata kidogo mpaka kazi iishe, na umeme ukikatika kabla, rekodi hiyo haitaandikwa kamwe. Kwa hiyo panga mapema kazi ya cron (ratiba ya kazi za kujirudia) itakayohifadhi kila saa matokeo ya `ps -eo user,etime,time,comm --sort=-time`, amri inayoorodhesha michakato ambayo bado inaendelea. Bila picha hiyo ya walio hai, ripoti yako itawalaumu wadogo na kuwaacha wakubwa.

Kifurushi huitwa `acct` kwenye Debian na Ubuntu, na faili lake ni `/var/log/account/pacct`. Kwenye jamii ya Red Hat ni `psacct`, faili likiwa `/var/account/pacct`, na huwashwa kwa `systemctl enable --now psacct`.

Pima nafasi ya diski. Rekodi moja ni baiti 64, hivyo michakato milioni moja hula kama MB 64. Ni kidogo, ila skripti inayoita `grep` na `sed` kwa kila mstari wa faili lenye mistari 500,000 huzaa milioni hiyo kwa mkupuo mmoja. Nafasi huru ikishuka hadi 2% keneli husimamisha uandishi, na hurudi ikifika 4%. Ndizo namba `4 2 30` zilizomo `/proc/sys/kernel/acct`, ya mwisho ikiwa sekunde kati ya ukaguzi na ukaguzi. Weka faili la `pacct` kwenye kizigeu chake (sehemu ya diski iliyotengwa).

Ukizungusha faili kwa mkono, yaani kuweka kando la zamani na kuanza jipya, `mv` peke yake haitoshi, maana keneli huendelea kuandika kwenye faili lilelile la zamani. Tengeneza jipya, lipe ruhusa 600, kisha uiite `accton` (amri inayoielekeza keneli faili la kuandikia) na njia ya faili hilo. Na nakili `pacct` kabla ya `sa -s`: amri hiyo huhamisha jumla kwenye muhtasari na kufuta rekodi mojamoja ambazo `lastcomm`, amri inayoziorodhesha, huzihitaji.

Majina nayo yana mitego. Kinachohifadhiwa ni namba ya mtumiaji, kwa hiyo usimpe mgeni namba ya aliyeondoka. Kazi inayopitia `sudo` huhesabiwa kwa `root`. Jina la amri hukatwa kwenye herufi 15, na vigezo vyake havihifadhiwi kabisa. Waombe wanaoandika Python waanze skripti kwa `#!/usr/bin/python3` na kuiendesha moja kwa moja, jina la skripti litaonekana. Wakipitia `/usr/bin/env`, zote zitasomeka `python3` na hutajua ipi ni ipi. Wajulishe pia watumiaji wote kwamba amri zao zinarekodiwa. Ni haki yao.

Mwisho jaribu kwa kipimo unachokijua: `timeout 20 sha256sum /dev/zero`, kisha `lastcomm sha256sum`. Uone jina lako, sekunde zinazokaribia 20, na alama `X`, kwani mchakato umeuawa kwa ishara. `sa -m` huhesabu kwa dakika, kwa hiyo sekunde hizo zitaongeza takriban 0.33 kwenye safu yako ya `cp` (muda wa prosesa).