Kumpiga mwanao picha za senior mwenyewe

Kwetu picha ya kumaliza shule hupigwa siku ya mahafali, joho mwilini na mashada shingoni. Marekani picha hizi huitwa za senior, yaani mwanafunzi wa darasa la 12, la mwisho, na mambo huanza karibu mwaka mzima kabla. Mtoto akishamaliza darasa la 11, barua ya studio inaingia nyumbani na bei zake, na wazazi wengi wanadhani ni lazima walipe. Si lazima, ila barua usiitupe.

Picha zenyewe ni za aina mbili, na watu huzichanganya. Kuna ile ya kitabu cha mwaka cha shule (yearbook), chenye picha za wanafunzi. Shule nyingi zina mkataba na studio moja, na vazi na rangi ya nyuma vimeshapangwa. Mara nyingi kupigwa ni bure au kwa ada ndogo. Hela inaliwa kwenye vifurushi vya nakala. Shule nyingine hupokea picha ya nyumbani kwa masharti yao, kwa hiyo uliza ofisini kabla ya tarehe ya mwisho. Kama binti yako anavaa hijabu, uliza mapema zaidi, maana vazi la studio kwa wasichana mara nyingi ni kitambaa cheusi kinachoacha mabega wazi.

Aina ya pili ni zile za nje, za kadi za mwaliko na za kumtumia bibi. Hizo ndizo wapiga picha wa kujitegemea hutoza mamia ya dola, na hizo unaziweza.

Panga kwa jua. Saa moja ya mwisho kabla halijazama ndiyo nzuri, lakini huku saa hiyo inahama. Dar jua halichezi mbali na saa 12 na nusu jioni mwaka mzima. Minneapolis, mwisho wa Juni linazama kama saa 3 usiku, mwisho wa Oktoba kama saa 12 jioni, na saa zikirudishwa nyuma Novemba, kabla ya saa 11 limeshaondoka. Ukisubiri hadi utakapopata nafasi kazini, utampiga mtoto gizani.

Sasa ngozi, na hapa ndipo mzazi anapomshinda mpiga picha asiyetuzoea. Kamera hutaka picha nzima iwe na mwanga wa wastani. Msimamishe kijana mbele ya ukuta mweupe, itapunguza mwanga na uso utakuwa mweusi tii, macho hayaonekani. Mbele ya miti yenye giza itafanya kinyume, na uso utachujuka. Pima mwanga usoni, yaliyobaki yajitegemee. Kwenye simu gusa uso, kisha sogeza alama ya jua kwa kidole mpaka rangi iwe ile unayoijua tangu akiwa mchanga. Tatizo hili si geni: kwa miongo mingi maabara za filamu zilirekebisha rangi kwa kadi ya Kodak yenye sura ya mwanamke mzungu, na Google ilileta marekebisho iliyoyaita Real Tone kwenye simu za Pixel mwaka 2021 tu.

Mweke kwenye kivuli cha jengo, uso ukielekea anga wazi. Asisimame katikati ya majani, kijani hupanda mpaka chini ya kidevu. Ubao mweupe wa bei ndogo ukishikwa kifuani, nje ya picha, huamsha macho. Mafuta usimkataze, yanaipa ngozi uhai. Futa paji la uso na pua basi. Kama unatumia simu, rudi nyuma kidogo na utumie lenzi ya mara 2 au 3, kwani ile pana ikiwa karibu hukuza pua.

Nguo ya kwanza achague yeye, hata kama ni hiyo sweta ya hudi. Ya pili chagua wewe: kitenge, kanzu na kofia, chochote mlichonacho, kikiwa kimepigwa pasi. Wadogo zake wabaki nyumbani. Na kola irekebishe mara moja, usimfuatefuate.

Reli hapana. Utaona picha nyingi za vijana wamesimama relini, lakini ni mali ya kampuni ya treni na kuingia ni kosa. Treni ya mizigo yenye mwendo wa maili 55 kwa saa inaweza kuhitaji maili nzima au zaidi kusimama.

Ukipiga, acha nafasi kuzunguka kichwa na miguu, kwa sababu karatasi ya inchi 8 kwa 10 hukata pembeni. Kwenye kaunta ya kuchapishia, picha ikiwa nzuri mno wanaweza kudai ruhusa ya mpiga picha. Mpiga picha ni wewe. Jaza fomu, weka saini. Za ndugu walio nyumbani kwetu tuma WhatsApp kama faili la hati, si kama picha, zisipungue ubora, na mwambie atakayezichapa atumie A4, kwa sababu fremu za saizi hiyo zipo kila duka.