Kokoto za kifusi kwa zege la jamvi

Majengo ya zamani Kariakoo yakivunjwa kupisha maghorofa, kifusi huenda kumwagwa mbali, huku lori jingine likileta kokoto kutoka Lugoba mkoani Pwani, zaidi ya kilomita 100. Hasara hiyo inauma, kwa sababu sehemu ya kifusi hicho inatosha kabisa kwa jamvi (zege la sakafu ya chini), njia ya miguu au msingi wa uzio. Kwa nguzo, boriti na slabu usitumie bila mhandisi kupima.

Chagua vipande vya zege tupu. Gonga kwa nyundo: kikitoa mlio mkali kinafaa, kikimeguka kiweke pembeni. Ondoa nondo, mbao, vigae, udongo, na zaidi ya vyote jipsamu ya dari. Salfeti, kemikali iliyomo ndani yake, ikikutana na saruji, zege huvimba na kupasuka polepole. Kifusi kilichochanganyika na vipande vya paa la asbesto usikiguse.

Ponda ukirashia maji, na uvae barakoa, maana vumbi hilo huharibu mapafu. Chekecha kwa chekeche la milimita 20, kisha la milimita 5. Kinachopita la 5 hunyonya maji mno. Kishindilie chini ya sakafu.

Wengi huharibu kazi kwenye maji. Shika kokoto moja: saruji ya zamani imeganda juu ya jiwe kama ngozi ya kijivu. Idondoshee tone la maji, linazama papo hapo. Ikiingia kavu kwenye zege hufanya vivyo hivyo. Zege linakakamaa, fundi anaongeza maji, na uimara unapotea. Kwa hiyo loweka saa 24, chuja, subiri mpaka uso using'ae. Kujua zinanyonya kiasi gani, chukua kilo 5 kavu, loweka, futa kwa kitambaa, pima tena. Zikisoma kilo 5.25 zimenyonya asilimia 5. Zikipita 5.35, hizo ni za kujazia tu.

Kwa mfuko wa saruji wa kilo 50: mchanga ndoo 3 na nusu za lita 20, kokoto mpya ndoo 5, za kifusi ndoo 2. Maji anza na lita 22, ongeza kidogo kidogo, yasizidi 27. Mchanga ukiwa mbichi, punguza tena.

Zege likishaanza kukaza, lifunike kwa magunia mabichi na umwagilie asubuhi, mchana na jioni kwa siku 7. Kwa jua la Dar, usiruke mchana.