Somo: Kuendesha mafunzo ya ulemavu kazini na kwenye vikundi

Mafunzo mengi ya ulemavu huishia kwenye huruma. Washiriki wanaguswa, wanapiga makofi, na kesho yake ngazi ni zilezile na mlango ni uleule mwembamba. Somo hili ni la anayetaka kitu kibadilike.

Hatua ya 1: Mwezeshaji awe mwenye ulemavu. Anzia kwenye chama cha watu wenye ulemavu kilicho karibu nanyi. Mlipeni kama mnavyomlipa mwezeshaji mwingine. Nauli na shukrani hazitoshi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa tarehe 13 Desemba 2006, uliandikwa vyama vyao vikiwa mezani, na kauli yao ilikuwa "hakuna lolote kutuhusu bila sisi".

Hatua ya 2: Uliza mahitaji mapema. Muulize kila mshiriki, si yule tu mwenye fimbo au magongo: "Unahitaji nini ili ushiriki kikamilifu?" Kifafa, usikivu hafifu na maumivu ya kudumu havionekani kwa macho. Mkalimani wa lugha ya alama atafutwe mapema, na kikao kikiwa kirefu wawe wawili, wapokezane kila baada ya dakika 20 hivi. Akichoka, tafsiri inaharibika na kiziwi ndiye anayekosa.

Hatua ya 3: Fundisha vikwazo. Hapa msiharakishe, maana ndipo fikra zinapogeuka. Mtu wa kitimwendo akishindwa kuingia ofisini, wengi watasema amezuiwa na miguu yake. Kilichomzuia ni ngazi: weka mteremko, miguu ibaki vilevile, naye ataingia. Halafu waulize washiriki vikwazo vyao wenyewe viko wapi. Watataja majengo haraka. Wasukume wafike kwenye mitazamo, mawasiliano na kanuni. Tangazo la kazi ya mezani linalodai leseni ya udereva limeshamfungia nje asiyeona, hata kabla hajaandika barua ya maombi.

Hatua ya 4: Chukueni tepu mkapime. Mteremko unaofaa ni 1 kwa 12, yaani kizingiti cha sentimita 30 kinahitaji mteremko wa mita 3.6. Mlango uwe na uwazi wa sentimita 80 au zaidi. Kitimwendo kinahitaji nafasi ya kama sentimita 150 kugeuka, na chooni ndiko watu husahau.

Hatua ya 5: Andikeni kitakachobadilishwa, nani anahusika, na lini.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, sisi huwafunga washiriki vitambaa machoni ili waonje hali ya kutoona. Ni sawa?*

Naomba mliache zoezi hilo. Aliyefungwa macho dakika 10 anaonja hofu tu. Haonji ustadi wa mtu aliyezoea fimbo nyeupe au anayesoma kompyuta kwa programu ya sauti, kwa hiyo anatoka akiamini kwamba asiyeona hawezi kazi.

*Kikundi chetu hakina fedha. Tufanyeje?*

Kuhamishia mkutano ghorofa ya chini, kutuma ajenda mapema na kuongea kwa zamu havigharimu kitu, dada. Yanayogharimu yapangieni bajeti. Mkataba unataka marekebisho ya kumwezesha mwenye ulemavu kushiriki, yasiyolemea kupita kiasi, na unasema kumnyima mtu marekebisho ya aina hiyo ni ubaguzi.

*Tunahisi mwenzetu kazini ana ulemavu ila hasemi. Tumuulize?*

Hapana, hiyo ni siri yake. Meneja awatangazie wafanyakazi wote jinsi ya kuomba marekebisho na atakayepokea maombi kwa faragha. Mwenzenu akitaka, atakuja.

*Nikimkuta asiyeona anataka kuvuka barabara, nimshike mkono?*

Jitambulishe kwanza, ndugu yangu, umuulize kama anahitaji msaada. Akikubali, mpe kiwiko chako akishike yeye, utangulie nusu hatua, umwambie mnapofika ukingoni. Usimvute wala kumsukuma. Akisema hahitaji, mwache aendelee na safari yake.